Hivi kuna binadamu aliyewahi kuabudu miungu mingi kweli, au tunawasingizia tu?

#1 Kijana_wa_Nondo
Wakuu kwema?

Nauza vifaa vya ujenzi hapa Dodoma mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindu ambaye asili yake ni Gujarat. Nyuma ya kaunta kuna kabati dogo lenye taa. Ndani yumo Ganesha mwenye kichwa cha tembo, yumo Lakshmi, yumo Hanuman. Asubuhi bosi anawasha udi, anaweka maua, anasimama kidogo amefumba macho, ndipo tunaanza kupima nondo.

Juzi mteja mmoja akamtolea uvivu: "Mzee, humu ndani mnaabudu miungu mingapi?" Bosi wala hakukasirika. Akajibu, "Mungu ni mmoja, baba. Wewe wake, mimi wake." Mteja akacheka, akalipia misumari, akaondoka. Swali akaniachia mimi.

Maana nina bibi yangu Bahi. Mvua ikikataa, yeye na wazee wenzake wanakwenda kwenye makaburi na kibuyu cha pombe ya uwele. Kanisani anaambiwa ana miungu mingine. Muulize mwenyewe Mungu wako wangapi, atakuona umerukwa na akili.

Sasa nimefikia hapa, mnipinge: hakuna watu waliowahi kuabudu miungu mingi. Kila dini ina Mungu mmoja mkubwa, hao wengine ni wasaidizi. Hili jina la "wenye miungu mingi" ni la kubandikwa na majirani wasiowapenda. Nawasilisha.

#2 Kipara_Nkuhungu
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Karanga nimenunua mwenyewe.

#3 Mwinjilisti_Kikuyu
Mtoa mada, Kutoka 20:3, "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Mungu hawezi kupoteza amri ya kwanza kabisa kukataza kitu ambacho hakipo. Eliya pale Karmeli alikabiliana na manabii 450 wa Baali, na wapo 400 wa Ashera waliokuwa wakila mezani kwa Yezebeli. Hao nao walisingiziwa?

Bosi wako anaweza kuwa mtu mwema sana, hilo sikatai. Ila sanamu tatu ni sanamu tatu.

#4 Kijana_wa_Nondo
Mwinjilisti, hao manabii 450 walikuwa wa Baali mmoja tu. Hoja yangu bado imesimama.

#5 Mwinjilisti_Kikuyu
Na Ashera umemweka wapi? Umemruka kama hujamwona.

#6 Ustadh_Changombe
Assalaam alaykum wote.

Kijana, jibu la bosi wako lina umri mrefu kuliko unavyodhani. Maquraishi wa Makka, kabla ya Mtume (S.A.W.), walikuwa wanamjua Allah. Qur'an yenyewe inasema ukiwauliza nani kaumba mbingu na ardhi, watakujibu ni Allah (29:61). Na bado al-Kaaba ilikuwa imezungukwa na masanamu 360, kama ilivyo katika Bukhari. Walikuwa na Lata, Uzza na Manata. Wakiulizwa kwa nini, utetezi wao umetajwa katika Surat Zumar aya ya 3: sisi hatuwaabudu hawa ila watusogeze karibu na Mwenyezi Mungu.

Kwa hiyo umekosea mahali pa kutazama. Unahesabu waliopo juu, uliza ibada inakwenda kwa nani. Dua yako unamwomba nani, mnyama unamchinjia nani, nadhiri unaiweka kwa nani. Mtu anaweza kuamini Muumba mmoja moyoni na akaabudu mia moja kwa mikono yake. Kwetu sisi huyo ameshashirikisha, na kujitetea kwamba "hawa ni wasaidizi" hakumsaidii kitu.

#7 Kipara_Nkuhungu
Ustadh amefunga goli la mapema. Mtoa mada upo?

#8 Kijana_wa_Nondo
Nipo. Ila ustadh kama amenisaidia: hata Maquraishi walikuwa na Mkubwa mmoja. Nitajieni watu ambao hawakuwa naye kabisa, miungu wote sawa sawa.

#9 Mwalimu_Mpwapwa
Wagiriki.

Nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu na swali hili wanafunzi walikuwa wanalipenda kuliko somo lenyewe. Zeus ni mkubwa, ndiyo, lakini sikiliza ni mkubwa wa namna gani. Hakuumba dunia, aliikuta. Amezaliwa, baba yake Kronos, na utawala aliupata kwa kumpindua huyo baba. Kisha yeye na ndugu zake wakapiga kura kugawana: Zeus akapata anga, Poseidon bahari, Hades kuzimu, ardhi ikabaki ya wote. Katika tenzi zao za kale Poseidon anamjibu Zeus kwa hasira kabisa kwamba yeye si mtumwa wake, abaki na fungu lake. Huyo Poseidon utamwita msaidizi? Ni mwenye shamba la jirani.

Mgiriki akisafiri baharini anamwomba Poseidon kwa sababu bahari ni yake, siyo kwa sababu atapeleka ombi kwa Zeus. Na miungu hao waliweza kugombana, mmoja akakupenda na mwingine akakuwinda kwa jambo lile lile ulilofanya. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya dunia kuwa na mambo yanayopingana. Mwinjilisti anaweza kusoma Matendo 14: watu wa Listra walipoona kilema ametembea, hawakusema "hawa wametumwa na Mungu", walisema miungu wametushukia, Barnaba wakamwita Zeu na Paulo wakamwita Herme, wakaleta ng'ombe wa kuchinja. Ndiyo akili ya watu wa miungu mingi ilivyofanya kazi.

#10 Kipara_Nkuhungu
Shikamoo mwalimu. Huyo Zeus si ndiye alijigeuza fahali akaenda kumwiba binti wa watu ufukweni? Mtu wa hivyo huku kwetu angelipishwa ng'ombe.

#11 Mwalimu_Mpwapwa
Marahaba. Ndiye. Binti aliitwa Europa.

#12 Mama_Hombolo
Mbukwenyi.

Naona mnaongea ya Wagiriki na Makka, bibi wa mtoa mada amesahaulika na kibuyu chake. Mimi ni Mgogo, ni Mwanglikana, nimo kwenye umoja wa akina mama, na nimelelewa na bibi aliyekuwa anatambika. Nitasema nilichokiona.

Kaburi la babu mzaa baba lilikuwa zizini. Bibi alikuwa anamwaga pombe pale na kuongea. Kuongea, narudia, wala si kusali. Alimlaumu marehemu: umetulalia, watoto wana homa, ng'ombe wanakonda, au una njaa? Bibi hakuwahi kumsemesha Mungu hivyo hata siku moja. Kwa Mungu hakuwa na la kulalamika, alimwacha alipo. Wazee ndio walikuwa karibu, na mtu wa karibu ndiye unayegombana naye.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna mwenye kuombwa ndani yake kabisa. Ng'ombe wakipata maradhi, wanawake walikuwa wanavaa nguo za kiume, wanashika mikuki na fimbo, wanakwenda kuchunga wao. Wanaume wanakaa kando. Wanacheza ngoma kwa ukali, kisha wanakwenda kuyatupa yale mabaya mpakani, upande wa magharibi. Bibi alinisimulia akicheka sana. Nikamuuliza mlikuwa mnamwomba nani? Akasema, hatukuomba, tulikuwa tunafukuza.

Sasa hapo ustadh na mwinjilisti mnipe jibu, hiyo ni miungu mingapi?

#13 Ustadh_Changombe
Mama, hilo la kufukuza kwa ngoma ni itikadi potofu, ila nakubali si ibada ya mungu. La zizini ndilo zito. Kumwomba aliyekufa akuondolee homa ni kumpa kazi ya Mwenyezi Mungu.

#14 Mama_Hombolo
Nimesema alimlaumu, ustadh.

#15 Fundi_Bomba_Mtumba
Wadau mnajichosha. Kila siku nafanya kazi Mtumba kwenye mji wa serikali, nawapa jibu. Rais ni mmoja. Ila ukiwa na shida ya maji unakwenda Wizara ya Maji, ukiwa na shida ya ardhi unakwenda Ardhi. Je, ukienda wizarani umemkana Rais? Miungu mingi maana yake ni wizara nyingi. Uzi ufungwe.

#16 Mwinjilisti_Kikuyu
Waziri hapigiwi magoti.

#17 Kipara_Nkuhungu
Mwinjilisti ni mgeni nchi hii?

#18 Mwalimu_Mpwapwa
Fundi, mfano wako unawafaa Maquraishi wa ustadh. Kwa Wagiriki haufai, kwa sababu waziri anateuliwa na anatumbuliwa. Poseidon nani amtumbue?

#19 Mtu_wa_Pune
Niingie kidogo kuhusu bosi wa mtoa mada, maana nilisoma Pune, India, na nilipanga nyumba ya familia ya Kihindu.

Kwanza mtu asije hapa na ile ya Wahindu wana miungu milioni 330.

#20 Kipara_Nkuhungu
Nilikuwa naiandika.

#21 Mtu_wa_Pune
Nilijua. Maandiko yao ya kale yanataja 33. Na kuna mazungumzo maarufu kwenye Upanishadi, mtu anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya miungu wako wangapi. Anajibu 3,306. Haya, lakini hasa ni wangapi? 33. Hasa hasa? Sita. Anabanwa tena: watatu. Wawili. Mmoja na nusu! Mwisho kabisa: mmoja. Kila jibu muulizaji analipokea, "sawa", kisha anauliza tena. Hakuna mahali anapoambiwa jibu la kwanza lilikuwa uongo.

Na Rigveda, ambayo ni ya zamani zaidi, ina mstari unaosema ukweli ni mmoja, wenye hekima wanautaja kwa majina mengi: Indra, Mitra, Varuna, Agni.

Kwa hiyo bosi wako hakukwepa swali. Ila msije mkadhani Wahindu wote wanasema hivyo. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa mtu wa Krishna, mume wake mtu wa Shiva, kila mmoja na mungu wake mteule, na mama yule aliniambia waziwazi kwamba Krishna ndiye mwenyewe, wengine wote wako chini yake. Mpwa wao aliyesoma falsafa akasema wote hao, Krishna ndani yake, ni sura tu za kitu kisicho na sura. Nyumba moja, chakula kimoja, majibu tofauti. Na wakati wa Diwali, sikukuu yao ya taa, wote walimwashia taa Lakshmi, mungu mke wa mali, hata yule mwanafalsafa, maana mwaka wa biashara ulikuwa unaanza.

#22 Kijana_wa_Nondo
Hapo kwa Lakshmi na biashara nimemwona bosi wangu kabisa. Asante mkuu.

#23 Mrangi_wa_Kolo
Mimi wa Kondoa. Dini za India mmezifikia, Kolo hapa kilomita chache mmeiruka.

Pale Mongomi wa Kolo kwenye michoro ya miambani, watu bado wanakwenda kutambika. Mvua, uzazi, ugonjwa. Wanakwenda na mnyama, pombe, wanatia maombi yao wanaondoka. Eneo lote liliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na moja ya sababu zilizotajwa ni hiyo, kwamba mapango yale si makumbusho tu, watu wanaoishi karibu bado wanayatumia. Kwa hiyo kabla ya kusema bibi wa mtoa mada ni mambo ya kale, mjue serikali na dunia nzima zinalinda mahali panapotambikiwa.

Michoro hiyo waliichora babu zetu Warangi kwa ajili ya ibada.

#24 Mwalimu_Mpwapwa
Mrangi, yote sawa isipokuwa mstari wa mwisho. Michoro ile myekundu ya watu warefu wembamba na wanyama ni kazi ya wawindaji, na imechorwa kwa muda usiopungua miaka 2,000. Warangi walifika baadaye. Ile myeupe minene ndiyo inayohusishwa na wakulima na wafugaji. Wengi wanaotafuta maana ya ile myekundu wanakwenda kuwauliza Wasandawe kule Chemba, kwa sababu wao uwindaji waliuacha karibuni.

#25 Mrangi_wa_Kolo
Mwalimu, babu wa mwenye shamba ni babu wa shamba pia. Tunapatunza sisi.

#26 Kipara_Nkuhungu
Hahaha, Mrangi hajawahi kushindwa kesi ya ardhi.

#27 Mwalimu_Mpwapwa
Na hapo ametaja jambo zuri bila kukusudia. Mrangi hakuleta mwamba ule kutoka alikotoka, aliukuta. Aliowakuta walikuwa na shughuli zao pale na yeye akaingia kwenye shughuli hizo hizo. Miungu ya mahali ndivyo ilivyo, anayehamia anairithi pamoja na chemchemi.

#28 Mmbulu_Mtaa_wa_Pili
Kwa kuwa chemchemi imetajwa. Sisi Wairaqw wazee wetu wana wawili, na hawafanani kabisa. Yuko Looa, ni jua, na ni mama, ni mwema. Halafu yuko Netlang'w, anakaa kwenye maji, mito na chemchemi, huyo ni wa kiume na ni wa kuogopwa. Looa hakusumbui. Netlang'w ukikosea karibu na maji yake utajuta.

Sasa fikirieni, sadaka ya kutuliza hasira inakwenda kwa nani? Haiendi kwa yule mwema. Mama hahongwi. Nadhani miungu mingi imezaliwa hapo, mtu ana mmoja wa kumpenda na wengine wa kuwaogopa, na muda mwingi unautumia kwa unaowaogopa.

#29 Morani_Kiteto
Basi mtatutaja na sisi. Wazee wanasema Enkai Narok, mweusi, huyo ni wa mvua na majani. Na Enkai Nanyokie, mwekundu, wa ukame na hasira. Wazungu waliandika Wamasai wana miungu wawili.

Muulize baba yangu. Atakwambia Enkai ni mmoja, leo amependezwa, kesho amechukia.

#30 Mmbulu_Mtaa_wa_Pili
Kwetu siyo hivyo. Looa na Netlang'w ni wawili kweli, mmoja hawi mwingine.

#31 Morani_Kiteto
Ndiyo nimesema ya kwetu.

#32 Mwanachuo_Udom
Habari wakuu, huu mjadala uko kwenye kozi yetu mwaka wa pili, niongeze.

Hoja ya Mmbulu kuhusu woga iliandikwa na Mskoti David Hume mwaka 1757. Alisema dini ya kwanza ya binadamu ni miungu mingi, kwa sababu mtu wa kale hakukaa kutafakari nani kaumba ulimwengu. Alitafakari mvua, homa, vita, uzazi, mambo yasiyotabirika, na kila jambo akalipa mwenyewe. Mmoja alikuja baadaye, kwa watu kuzidi kumsifu mmoja wao hadi wengine wakafifia.

Akaja padri Wilhelm Schmidt kuanzia 1912 akageuza kichwa chini miguu juu: mwanzo alikuwa mmoja, tena kwa watu kama wawindaji, miungu mingi ni kuharibika.

Huku Afrika, John Mbiti wa Kenya, naye alikuwa padri wa Kianglikana, alisema Waafrika karibu kote wanamjua Mungu mmoja, mizimu si miungu. Hapo ndipo aliposimama mtoa mada. Lakini Okot p'Bitek wa Uganda aliwashambulia wasomi wa namna hiyo, akasema wamewavika miungu wa Kiafrika majoho ya Kigiriki ili wapendeze kwa Wakristo. Kwa Okot, Mwafrika hakuwa na haja ya kuwa na Mungu mmoja muweza wa yote ndipo aheshimike.

#33 Kijana_wa_Nondo
Kwa hiyo mimi nimemvika bibi joho?

#34 Mama_Hombolo
Bibi yako ana kanga zake, usijali.

#35 Mwinjilisti_Kikuyu
Mwanachuo, Hume hakuwahi kuamini chochote, asitufundishe mwanzo wa dini. Schmidt yuko karibu na Biblia: Adamu alimjua Mmoja, watu wakapotea baadaye. Warumi 1.

#36 Mwanachuo_Udom
Mchungaji, Schmidt naye wanamlaumu kwamba alikwenda kutafuta alichokuwa anakiamini tayari.

#37 Mwinjilisti_Kikuyu
Mimi ni mwinjilisti.

#38 Mwalimu_Mpwapwa
Hume na Schmidt wote wamesahau siasa. Misri ya kale kila mji ulikuwa na mungu wake. Mji ukipata nguvu, mungu wake anapanda cheo. Amun alikuwa wa Thebes, mji ulipotawala Misri akaunganishwa na Ra wa jua, akawa Amun-Ra. Wawili wakawa mmoja bila nabii yeyote kuhubiri. Halafu karne ya 14 KK akatokea farao Akhenaten akataka Aten peke yake, akafuta jina la Amun kwenye kuta. Alipokufa, Tutankhamun akairudisha miungu yote kazini.

Roma nao, mwaka 204 KK, Hannibal, jemadari wa adui zao wa Carthage, yuko Italia anawatesa, wakaagiza mungu mke Cybele kutoka Asia Ndogo. Wakamleta kwa meli, akiwa jiwe jeusi. Hawakumfukuza hata mmoja wa waliokuwepo, walimwongeza. Hapo ndipo naona tofauti kubwa kuliko hesabu. Mwenye miungu mingi akikutana na mungu wa mgeni anauliza anasaidia nini. Mwenye mmoja anauliza kama ni wa kweli.

#39 Fundi_Bomba_Mtumba
Kwa maneno mengine wizara mpya inaundwa. Mwalimu umerudi kwangu.

#40 Ustadh_Changombe
Mwalimu, unawapamba. Hao hao Warumi wanaokaribisha kila mungu waliwaua Wakristo.

#41 Mwalimu_Mpwapwa
Waliwaua, ustadh. Mwaka 250 BK kaizari Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu na apewe cheti cha kuthibitisha. Baadhi ya vyeti hivyo vimepatikana Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo. Lakini angalia kosa la Wakristo lilikuwa nini. Amri hiyo haikuwakataza kumwabudu Yesu. Kosa ni kugoma kuwatolea wengine. Kwa Mrumi, sadaka ilikuwa wajibu wa raia, moyoni amini unavyotaka.

#42 Ustadh_Changombe
Ndiyo maana nikasema tangu namba 6, tazama ibada, usitazame moyo peke yake. Warumi wenyewe walilielewa hilo.

#43 Mtu_wa_Pune
Lakini ustadh, kwa kipimo chako mama wa Krishna anaabudu wawili na mpwa wake mwanafalsafa pia wawili, kwa sababu wote wamewasha taa. Na wao wenyewe hawakubaliani wanachokifanya. Nani mwenye haki ya kusema maana ya kitendo, anayekifanya au anayekitazama?

#44 Ustadh_Changombe
Aliyeumba mwenye kukifanya.

#45 Mtu_wa_Pune
Hapo umefunga mlango, siwezi kuendelea.

#46 Mama_Hombolo
Nina swali kwa mwinjilisti, nalo si la mtego. 2 Wafalme 5. Naamani ameponywa ukoma, amekiri hakuna Mungu duniani ila katika Israeli. Halafu anaomba mambo mawili. La kwanza apewe udongo, mzigo wa nyumbu wawili, aende nao kwao Shamu. Udongo wa nini kama Mungu ni wa kila mahali? Bila shaka alidhani Mungu huyu ana nchi yake, kama Mrangi na mwamba wake. La pili, bwana wake mfalme akiingia nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, akimwegemea mkono, naye itabidi ainame, asamehewe hilo.

Elisha akamwambia, "Enenda kwa amani."

Mwinjilisti, Naamani ana miungu mingapi siku ile?

#47 Kipara_Nkuhungu
Karanga zimeisha. Natuma mtoto dukani.

#48 Mwinjilisti_Kikuyu
Mama, mmoja. Moyo wake ulikuwa umegeuka. Kuinama kule ni kazi ya utumishi, anambeba mfalme. Na Elisha hakusema "nakuruhusu", alimuaga mtu mchanga katika imani.

#49 Ustadh_Changombe
Mwinjilisti, sasa unapima kwa moyo? Mwanzo ulihesabu sanamu.

#50 Mwinjilisti_Kikuyu
Naamani hakuwa na sanamu yake, ustadh, alikuwa na udongo. Na hata Paulo, 1 Wakorintho 8:5, anasema "kama vile walivyoko miungu mingi na mabwana wengi", lakini kwetu sisi ni mmoja. Anatazama dunia ilivyo, kisha anachagua.

#51 Mwanachuo_Udom
Mistari hiyo ndiyo inayotumika kueleza aina ya tatu, mbali na wa Mungu mmoja na wa miungu mingi: watu wanaokubali miungu ya wengine ipo, ila wao wanaabudu mmoja wao tu. Waisraeli wa mwanzo wengi wanawekwa hapo. Zaburi 82 Mungu anasimama katikati ya miungu anahukumu.

#52 Mwinjilisti_Kikuyu
Hao ni waamuzi wa kibinadamu. Soma mpaka mstari wa 7, watakufa kama wanadamu.

#53 Mwanachuo_Udom
Mtu aliye mwanadamu kuna haja gani ya kumwambia atakufa kama wanadamu?

#54 Morani_Kiteto
Hapo mwanachuo amechomeka.

#55 Kijana_wa_Nondo
Wakuu mimi nabadilisha swali kidogo. Tuseme ustadh yuko sahihi, ni ibada. Bibi anakwenda kanisani Jumapili, mvua ikikataa anakwenda makaburini. Akiwa kanisani anamaanisha, na akiwa makaburini anamaanisha. Hajioni amegawanyika. Kwa nini sisi ndio tunaoumia kichwa?

#56 Mama_Hombolo
Kwa sababu mvua ya Ugogo haina uhakika, mwanangu. Wazee walipitia Mtunya, ile njaa ya wakati wa vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza. Mtu aliyesikia habari za Mtunya kwa mama yake hafungi mlango wowote. Zamani mtemi ndiye alikuwa na mawe ya mvua na ndiye aliyetoa amri ya matambiko. Watemi wameondolewa, mvua haijaondolewa kwenye shida zetu.

#57 Fundi_Bomba_Mtumba
Kuna visima sasa, mama.

#58 Mama_Hombolo
Uwele unamwagilia kwa kisima?

#59 Kipara_Nkuhungu
Fundi bomba amekatiwa maji.

#60 Mmbulu_Mtaa_wa_Pili
Mrangi, Kolo watu wa nje wanaruhusiwa? Nataka kuona hiyo michoro, na hapo panapotambikiwa kama haina shida.

#61 Mrangi_wa_Kolo
Karibu sana. Panda basi la Babati, shuka Kolo, ni mbele ya Kondoa mjini. Pale pana ofisi ya mambo ya kale, unalipia, unapewa mwongozaji. Mongomi ni kupanda mlima, vaa viatu vya maana. Ukikuta watu wana shughuli yao subiri wamalize, usipige picha.

#62 Mwalimu_Mpwapwa
Twende kundi. Nitaeleza michoro njiani, Mrangi ataeleza mpaka wa shamba.

#63 Mrangi_wa_Kolo
Jumamosi?

#64 Morani_Kiteto
Jumamosi mimi Msabato.

#65 Kipara_Nkuhungu
Jumapili tunawakosa mama na mwinjilisti. Ijumaa tunamkosa ustadh.

#66 Ustadh_Changombe
Michoro nitakwenda kuitazama. Tambiko likianza nashuka mlima.

#67 Mtu_wa_Pune
Jumatatu ni siku ya Shiva, kama kuna anayehusika.

#68 Kijana_wa_Nondo
Jumanne bosi anafunga kwa ajili ya Hanuman, duka nabaki nalo mwenyewe. Jumatano naweza.

#69 Mama_Hombolo
Jumatano sawa. Nitakuja na maji ya kunywa na viazi vya kuchemsha. Fundi, una gari?

#70 Fundi_Bomba_Mtumba
Ninalo, ila mafuta mchange.